Cheti Safi na Kikao cha Jioni

Ukurasa wa saba wa sera yetu ya ulinzi wa mtoto unasema watoto wasiruhusiwe kuingia kwenye bwawa la kuogelea bila mwangalizi aliyefuzu uokoaji. Sisi ni timu ya mpira ya watoto, Kigoma mjini. Bwawa hatuna. Tulichonacho ni Ziwa Tanganyika, na kila Jumamosi mazoezi yakiisha watoto wanavua jezi na kuteremka Kibirizi kuoga, hakuna mtu mzima anayekwenda nao.

Sera hiyo niliileta mimi, katibu wa timu. Mfadhili wa jezi na njumu alitaka kuiona ndani ya wiki mbili. Nikamwomba rafiki yangu wa shirika moja kubwa anitumie ya kwao, kijana wa steshenari pale Mwanga akabadilisha jina kila lilipotokea (mara mbili alipitiwa, jina la wenyewe lipo mpaka leo), tukapiga muhuri, tukaituma. Jezi zikaja. Kurasa ishirini na mbili, kamati nzima imesaini, na hakuna aliyeisoma. Mimi mwenyewe niliisoma miezi kadhaa baadaye, nikitafuta kifungu cha nauli za makocha.

Naanza na aibu hii kwa sababu kila mjadala wa sheria za kuwalinda watoto ndani ya taasisi ukianza, pande zote mbili zinaweza kuibeba sera yetu ya bwawa kama ushahidi. Anayetaka sheria iongezwe makali atasema: mnaona, bila mkaguzi watu wananakili tu. Anayeiogopa sheria hiyo atasema: huyo mkaguzi akija atakagua nini zaidi ya karatasi? Atakuta kurasa ishirini na mbili na muhuri, ataweka tiki, ataondoka, na watoto wataendelea kuoga Kibirizi.

Nikisema taasisi, sina maana ya shule peke yake. Nina maana ya madrasa, shule ya Jumapili, kwaya ya watoto, tuisheni ya sebuleni kwa mwalimu, makao ya watoto, kituo cha kulelea watoto mchana, timu kama yetu. Ni popote ambapo mzazi anamwacha mwanawe kwa mtu asiye ndugu yake, kisha anakwenda zake sokoni Mwandiga akiamini mambo yako salama.

Tusidanganyane kwamba nchi haina sheria. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na maslahi yake ndiyo yatangulie katika kila uamuzi unaomhusu, awe anaamua mtu binafsi au taasisi. Kifungu cha 94 kinaibebesha halmashauri jukumu la kulinda ustawi wa watoto wa eneo lake. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Makao ya watoto hayaendeshwi bila leseni. Kwa makosa ya kujamiiana, tangu marekebisho ya 1998 mtu mzima anayembaka mtoto hawezi kupata chini ya miaka 30 jela, na mtoto akiwa chini ya miaka kumi ni kifungo cha maisha. Juu ya hayo kuna MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza 2017/18 na sasa uko awamu ya pili hadi 2028/29, wenye kamati zake mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Kuna madawati ya jinsia na watoto polisi. Kuna namba 116, ambayo mtoto anapiga bure.

Tatizo la kwanza ninaloliona ni kwamba sheria zetu zinazitazama taasisi kwa aina ya usajili wake. Shule ina mlango wake, makao ya watoto yana mlango wake, shirika lisilo la kiserikali linaongozwa na sheria ya 2002, jumuiya za dini zinasajiliwa kwa Sheria ya Jumuiya, michezo ina baraza lake, na ile tuisheni ya sebuleni haina mlango kabisa. Hatari kwa mtoto haiangalii cheti cha usajili. Inaangalia mambo mawili tu: kuna mtu mzima aliyeachwa peke yake na mtoto, na kuna kiongozi ambaye atapoteza kitu ukweli ukijulikana. Hayo mawili utayakuta kwenye taasisi yenye ghorofa na utayakuta chini ya mwembe.

Sisi wa mwisho wa reli tunayaona haya kwa namna ambayo mikoa mingine haiyaoni, kwa sababu ya kambi za wakimbizi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianza 1996. Nduta ilifunguliwa Kibondo. Mtendeli, Kakonko, ilifungwa 2021. Mashirika yanayofanya kazi humo yana kanuni za maadili ambazo hazikuzaliwa kwa hiari. Mwaka 2002 iliripotiwa kwamba katika kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone watumishi wa misaada walikuwa wakiwataka watoto kingono ili wawape chakula ambacho kilikuwa haki yao. Mwaka uliofuata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa waraka: mtumishi asiwe na uhusiano wa kingono na yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kama sheria ya nchi aliyopo inataja umri mdogo zaidi, kusema “nilidhani ni mkubwa” si utetezi, na anayemshuku mwenzake analazimika kutoa taarifa.

Sasa chukua kijana wa Kasulu aliyeajiriwa kambini kama dereva. Ndani ya geti, msichana wa miaka 17 ni mtoto na kumgusa ni kupoteza kazi. Jioni anarudi mjini, ambako Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Ilibidi Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziseme vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Mtu mmoja, wilaya moja, vipimo viwili vya utoto. Mtoto wa mkimbizi Mrundi, kwa karatasi walau, alikuwa amewekewa uzio mrefu kuliko mtoto wa Muha mwenye shamba lake jirani.

Wanaotaka sheria iongezwe makali huuchukua mfano huo na kuuliza: kama inawezekana kambini, kwa nini isiwezekane kwenye kwaya? Kila taasisi yenye watoto iwe na sera, kila anayefanya kazi na watoto awe na cheti cha polisi cha tabia njema kinachotolewa baada ya kupigwa alama za vidole, na asiyekuwa nacho afungiwe. Hoja yao ina uzito. Mtoto hana namna ya kuchagua kocha, hawezi kuhama makao, na ni nadra kuwa na simu yake ya kupiga 116. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unasema katika ibara ya 3 kwamba taasisi zinazohusika na watoto zifikie viwango vilivyowekwa, hasa vya usalama, idadi na ufaafu wa watumishi, na usimamizi. Aliyeridhia mkataba ameahidi. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto nao ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na wengi hawakuwahi kumwambia mtu, wavulana zaidi ya wasichana.

Cheti hicho kinavutia kwa sababu kinashikika. Unakiweka kwenye faili. Mimi nilikuwa mtetezi wake mkubwa mpaka nilipokaa chini nikajiuliza kinatoka wapi.

Kinatoka kwenye kumbukumbu za jinai. Ili jina liwemo humo, lazima mtu awe alishikwa. Ili ashikwe, lazima mtu awe alitoa taarifa. Hapo ndipo ninapokumbuka kikao.

Miaka hiyo nilikuwa nafundisha hesabu jioni kwenye kituo kimoja cha watoto, wala si lazima nikitaje. Mama mmoja alikuja akasema mwanawe wa miaka 11 hataki tena kuja, na akaeleza kwa nini. Aliyemtaja alikuwa mtumishi mwenzetu, mchangamfu, anayependwa na watoto kuliko sisi wote. Kikao kiliitwa baada ya magharibi. Mabenchi yalisogezwa, chupa ya chai ikaletwa, mkuu wa kituo akafungua kwa dua. Halafu yakaanza maneno ambayo kila mtu aliyekulia mtaani anayajua. Mama, wewe ni mzazi mwenzetu. Jambo hili likitoka nje, watoto sitini watakosa kituo. Na huyu naye ana mke na watoto wadogo. Na mwanao, utamtembezaje mtaani watu wakishajua? Mama alikuwa ameshika pindo la kanga kwa mikono miwili, analikunja na kulikunjua. Mtoto hakuwepo. Hakuna aliyeuliza kama aitwe au apelekwe hospitali. Ilipofika saa tatu usiku mama alikuwa na shilingi laki mbili kwenye bahasha, na mtumishi alikuwa amekubali kuhama mkoa.

Aliomba barua. Mkuu akasema apewe, tusimharibie riziki. Barua ikasema ni mchapakazi, mwaminifu, na ana uhusiano mzuri na watoto. Barua hiyo niliichapa mimi.

Leo mtu yule akienda polisi akapigwa alama za vidole, cheti chake kitatoka safi, na polisi hawatakuwa wamekosea. Atakibandika kwenye maombi ya kazi pamoja na ile barua. Taasisi itakayompokea itakuwa imefuata sheria hatua kwa hatua.

Si jambo la Kigoma peke yake, wala si la nchi maskini. Uingereza, Agosti 2002, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa katika mji mdogo wa Soham na mtu aliyekuwa mwangalizi wa majengo wa shule. Kabla ya ajira hiyo alikuwa ameshatuhumiwa mara kadhaa katika eneo jingine kwa makosa dhidi ya wasichana, lakini hakuwahi kutiwa hatiani kwa hayo, na ukaguzi wa kabla ya ajira haukuleta tuhuma hizo mezani. Waingereza wakatunga sheria mpya 2006, na mwaka 2012 wakaunda chombo cha kukagua rekodi za wanaofanya kazi na watoto. Ni mfumo wenye pesa na kompyuta ambazo sisi hatutazipata kesho. Hata hivyo, tume yao huru iliyochunguza unyanyasaji wa watoto ndani ya taasisi ilipotoa ripoti ya mwisho Oktoba 2022, moja ya mapendekezo yake makubwa lilikuwa kwamba watu wenye nafasi fulani walazimishwe kisheria kutoa taarifa. Yaani baada ya miaka yote ya vyeti, walirudi kwenye mdomo uliofungwa.

Tuwape nafasi wale wanaoogopa sheria nzito, maana mara nyingi wanapuuzwa kana kwamba wanatetea wahalifu. Hoja yao ya kwanza ni ya gharama, na ni ya kweli. Ustadhi anayefundisha watoto arobaini Ujiji kwa mchango wa vitumbua na shilingi mia tano kwa wiki hatapata muda wala nauli ya kufuatilia cheti. Kwa mwalimu wa shule ya Jumapili aliye kijiji cha mwambao wa kusini, Uvinza huko, ambako mtumbwi bado ndio basi, cheti hicho ni safari ya siku nzima majini. Ukimwambia afunge mpaka akipate, atafunga. Watoto hawatakuwa salama zaidi. Watakuwa ziwani, au kwenye mitumbwi ya dagaa usiku. Mkubwa wa taasisi yenye pesa, yeye, atapata karatasi zote, maana ana karani. Sheria itakuwa imewachuja maskini na kuwaacha wajanja.

Hoja yao ya pili inauma zaidi. Tunazo tayari sheria za kudhibiti watu wazima ndani ya taasisi, na tumeona zinavyoishia. Kanuni za viboko shuleni, zilizofanyiwa marekebisho 2002, zinasema viboko visizidi vinne, mwalimu mkuu ndiye atoe au aidhinishe kwa maandishi, msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike akiwepo, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu. Nyie mliosoma, mlishaliona daftari hilo? Katika utafiti ule ule wa 2009, zaidi ya nusu ya vijana walisema walipigwa na walimu. Kanuni haikuzuia mkono; ilichofanya ni kumpa mwenye fimbo mahali pa kusimama, kwamba viboko vinaruhusiwa. Anayehofia kwamba sera ya ulinzi wa mtoto itakuwa kama daftari la viboko hajakosea kuhofia.

Ya tatu ni kuhusu watu wasio na hatia. Kocha wetu aliniuliza siku nilipoleta mada hii: “Katibu, mtoto nikimweka benchi, mama yake akaamua kunisingizia, nani atanisafisha?” Sikumjibu haraka. Miaka 30 si mchezo, na mtaani tuhuma peke yake inatosha kukufungia duka. Pia kuna ukweli ambao wanaotetea adhabu kali hawapendi kuusikia. Ukubwa wa adhabu ndio unaowapa nguvu watu wa kikao. Mke wa mtuhumiwa anapojua mumewe hatatoka mpaka watoto wawe na watoto, atauza kiwanja ili mambo yaishe usiku huo. Mashahidi ni shangazi na binamu. Kesi inasogezwa, nauli zinakwisha, familia inachoka. Kumalizana kuna bei, na kwa wengi bei hiyo ni nafuu kuliko ya haki.

Kuhusu kusingiziwa, nilimrudia kocha wiki iliyofuata. Watu wengi wanaamini bila shahidi wa pili neno la mtoto halina kitu, na wengine wanaamini kinyume, kwamba mtoto akisema basi umekwisha. Sheria ya Ushahidi haiko pande hizo zote mbili. Inamruhusu mtoto mdogo atoe ushahidi akiahidi kusema kweli na si uongo, na katika makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kutia hatiani kwa neno la mtoto aliyetendewa peke yake, ila ni lazima iridhike kwamba anasema kweli. Kuna mchujo. Kinachomlinda kocha zaidi ya mchujo huo ni utaratibu ambao hauna gharama: asibaki peke yake na mtoto mahali palipofungwa, jezi zigawiwe uwanjani, asimtumie mtoto ujumbe usiku, usafiri wa mechi za nje uwe na mzazi mmoja garini. Kocha alicheka kidogo aliposikia la garini, akasema basi wazazi wachangie mafuta. Lakini alikubali.

Ninapoweka mizani, basi, silalii upande wa karatasi wala upande wa kuacha mambo yalivyo. Naona makali ya sheria yamewekwa mahali pasipofaa. Tumeyaweka mwanzoni, kwenye usajili na vyeti, na tumeyaweka mwishoni kabisa, kwenye miaka 30 ya mkosaji. Katikati, saa ile mkuu wa taasisi amekaa na taarifa mkononi akipima jina la kituo na mtoto wa mtu, sheria inaongea kwa sauti ya chini. Kifungu cha 95 kinamtaja mwanajamii yeyote. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa sote ni abiria, nahodha hajatajwa. Katika kikao kile tulikuwa wanajamii tisa.

Afrika Kusini walilitazama hili tofauti. Sheria yao ya Watoto ya 2005, kifungu cha 110, inawaita kwa kazi zao wanaolazimika kutoa taarifa: mwalimu, muuguzi, daktari, kiongozi wa dini, mganga wa jadi, kiongozi wa jadi, hata mtu wa kujitolea kwenye vituo vya watoto. Ukijisoma kwenye orodha huwezi kusema ulidhani ni kazi ya mwenzako. Sheria hiyo hiyo ina rejista ya watu wasiofaa kufanya kazi na watoto. Rejista ni jambo jema, lakini italishwa na nani kama hao waliotajwa hawasemi?

Mimi ningependa kuona Sheria ya Mtoto inamtaja kwa cheo mkuu wa kila mahali panapokusanya watoto, awe amesajiliwa au hajasajiliwa, na kusema wazi kwamba kusimamia kikao cha kumaliza tuhuma ya ukatili dhidi ya mtoto, au kumpa mtuhumiwa barua ya kumsafishia njia, ni kosa lake yeye mkuu, tofauti kabisa na kosa la mtuhumiwa. Adhabu yake isiwe ya kutisha mpaka watu waanze kumwonea huruma. Faini na kuondolewa kwenye uongozi vingetosha kubadilisha hesabu ya kikao, kwa sababu kwa mara ya kwanza mkuu angekuwa na kitu cha kupoteza kwa kunyamaza. Na karani aliyechapa barua, kama mimi, ajue kwamba Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ipo. Wakati ule haikuwepo, lakini nisijisafishe: hata ingekuwepo, sidhani kama ningeitumia. Nilikuwa nadai mishahara ya miezi miwili.

Hata pendekezo hili lina upande wake mbaya, na nimelisikia kutoka kwa mama mmoja mlezi wa mabinti wa sekondari ambaye ninamheshimu. Anasema binti humjia usiku na kumwambia, “Mama, nina jambo, lakini uniapie hutamwambia mtu.” Akijua kwamba mlezi analazimika kupeleka kila neno kwa afisa ustawi wa jamii, hatasema. Sina jibu kamili kwa hilo. Mlezi mwenyewe husema humjibu binti hivi: siwezi kukuapia, lakini siendi popote bila wewe kujua. Wengine huondoka bila kusema, anakiri. Wengine hukaa.

Kuna pia swali la nani anapokea hizo taarifa. Afisa ustawi mmoja anahudumia eneo ambalo kulizunguka kwa pikipiki ni kazi ya wiki, na leo yuko kwenye kesi ya matunzo, kesho yuko kwenye mlipuko wa kipindupindu. Ukiwalazimisha wakuu wote wa taasisi kutoa taarifa bila kumwongezea mtu na mafuta, zitajaa droo yake. Anayetunga sheria Dodoma aandike na mafungu ya fedha kwenye bajeti, vinginevyo atakuwa amehamisha kikao kutoka kituoni kwenda ofisi ya kata.

Kwenye timu yetu tumeifuta ile sera. Mpya ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, umebandikwa ndani ya mlango wa stoo ya mipira. Kipengele cha kwanza kinahusu Kibirizi: hakuna kuoga ziwani bila watu wazima wawili, na zamu zimeandikwa majina. Kinafuata kile cha kutobaki peke yako na mtoto. Namba 116 ni kubwa kuliko jina la timu. Kipengele cha mwisho kinasema tuhuma yoyote inapelekwa dawati la jinsia siku hiyo hiyo, na hakuna mwanakamati mwenye ruhusa ya kuitisha kikao cha kuyamaliza.

Wanakamati saba wamesaini. Mlezi wa timu, mzee wetu ambaye ndiye aliyetupatia uwanja, alikisoma kipengele hicho mara mbili, akavua miwani, akaniuliza: “Mwanangu, hata kama ni mtoto wa ndugu yangu?” Nikamwambia hata kama, mzee. Alirudisha kalamu mezani taratibu. Tangu siku hiyo anakuja mazoezini kama kawaida, tunasalimiana vizuri, na nafasi ya sahihi yake bado iko wazi.